Laulau ya Mafundo Mawili

Jani la gimbi linataka saa nne za mvuke, wala usilidanganye. Ukilitoa mapema linakulipiza hapo hapo mezani: midomo inawasha, ulimi unawaka, koo linakuwa kama limepakwa upupu, na mtu mzima anatokwa machozi mbele za watu bila kupigwa. Tutu Luika, bibi yangu, alinifundisha hilo nikiwa na miaka sita ili nisije nikamdhuru mteja. Jumamosi ile, nikiwa na miaka ishirini na tisa, nilikusudia kulitumia somo lake kinyume.

Laulau ya Kaniela, yaani nyama iliyofungwa kwa majani hayo, niliipa dakika arobaini.

Sikuwa mjinga. Nyama ya nguruwe niliyoweka ndani ilikuwa imeshaiva tangu jana yake, kwa sababu nilitaka awashwe, sikutaka afe. Nikaifunga kwa majani matatu ya gimbi, mabichi, bado yana umande. Nikaizungushia jani gumu la nje, kisha nikaikaza kamba kwa mafundo mawili badala ya moja, nisije nikaichanganya na za watu wengine. Saa nne na dakika ishirini asubuhi nikaitumbukiza kwenye sufuria la mvuke. Wageni walikuwa waje saa tano.

Habari za kuja kwake nilikuwa nimezikuta jana yake ubaoni, pale Tutu anapoandika oda. Chini ya "Kanisa, sahani ishirini" palikuwa pameandikwa kwa mwandiko wake wa kulala: "Kaniela, sahani saba."

"Tutu, Kaniela gani huyu?"

"Wewe unamjua mwingine?"

"Na umemkubalia?"

"Ameomba chakula, Wehi. Nimwambie nini, kwamba siku hizi tunauza viatu?" Alikuwa anamenya magimbi, hata kichwa hakuinua. "Ana wageni sita. Anawatembeza. Wanataka kula wanachokula wenyeji."

"Akawalishe hotelini kwake."

"Hotelini ameacha. Ana gari lake sasa. Lete kisu kile kidogo."

Nikamletea kisu kile kidogo.

Mnisikilize kwanza kabla hamjanihukumu. Kaniela alikuja kwenye duka letu la chakula hapa mjini Hilo akiwa na miaka ishirini na mbili, akanunua sahani moja, akala kwa kusimama kwa sababu viti vilijaa, kesho yake akarudi kuuliza kama kuna kazi. Alikaa miaka mitatu. Mikono yake ndiyo iliyokuwa inaponda magimbi kwenye ubao, jiwe linapanda na kushuka, jasho linamtiririka shingoni, na mimi nasahau nimekuja jikoni kuchukua nini. Tukachumbiana. Mama yake, Anti Melelani, hakuwahi kunipenda. Alisema wazi mbele ya shemeji zake kwamba mke wa mwanawe hawezi kuwa mwanamke anayenuka moshi mpaka kwenye nywele. Kaniela alinicheka nilipolia. "Mimi nalipenda hilo tanuri lako," aliniambia, akanusa nywele zangu. Nikamwamini. Nilimwamini kuliko nilivyoamini kwamba kesho kutakucha.

Siku ya harusi nguruwe watatu walikuwa shimoni tangu usiku, juu ya mawe ya moto, wamefunikwa majani ya ndizi. Watu mia tatu walikuja. Mchungaji alikuja. Mimi nilikuwa na gauni jeupe na shada la majani ya porini lililoning'inia mpaka magotini. Saa sita mchana binamu yake akaja na kofia mkononi, akaangalia viatu vyangu, akasema Kaniela amepanda ndege ya asubuhi kwenda Honolulu.

Tutu alinishika kiwiko. "Watu wamekuja, Wehi," aliniambia sikioni. "Watu watakula."

Nikafunga aproni juu ya gauni la harusi, nikashika mwiko. Nilipakua sahani mia tatu. Kila aliyefika mbele yangu aliniangalia usoni mara moja, kisha akaiangalia sahani yake. Wengine aibu yao wanakimbia nayo chumbani wakaililie kwenye mto. Mimi yangu niliigawa kwa mwiko, huyu kidogo, yule kidogo, mpaka sufuria zikaisha.

Na hilo lingetosha. Lakini baada ya mwaka mmoja nikasikia yuko kwenye hoteli kubwa ufukweni, amevaa kofia nyeupe ndefu, anawapikia wageni pweza kwa majani ya gimbi na tui la nazi, na anawaambia amefundishwa na bibi yake. Bibi yake! Yule bikizee aliendesha basi la shule maisha yake yote, akamlea kwa nyama ya kopo na wali. Pweza ule ni wa Tutu Luika. Hata ile punje ya chumvi nyekundu anayoiweka mwishoni ni ya Tutu Luika.

Basi mkisikia nilifunga mafundo mawili, mjue yalitoka wapi.

Saa tano kasoro dakika tano gari jeupe likasimama kwenye mvua. Anko Hanale, aliyekuwa anakunywa kahawa kwenye kiti cha mlangoni tangu kabla mimi sijazaliwa, akainamisha miwani yake.

"Wehi!" akaita kwa sauti ya mnada. "Toka, harusi yako imefika. Imechelewa miaka minne tu, msongamano wa magari!"

"Kunywa kahawa yako, Anko."

"Nakunywa. Ila hii leo nitainywa pole pole."

Wageni wakaingia kwanza, watu wazima wote, wamevaa makoti ya mvua mapya yanayong'aa. Wakasimama wakaangalia ukuta uliobanduka rangi, meza mbili ndefu, kalenda ya mwaka juzi. Bibi mmoja aliyefunga kitambaa kichwani, mkubwa kuliko wote, akavuta pumzi kwa pua, akasema, "Hapa. Hapa ndipo." Nikampenda papo hapo, na sikupanga kumpenda mtu yeyote siku hiyo.

Kisha akaingia yeye.

Alikuwa amekonda. Shati lake la maua lilikuwa limepigwa pasi vizuri mno, kama la mtu anayekwenda mahakamani. Lile kovu la zamani juu ya nyusi, alilolipata siku alipoteleza na jiwe langu la kupondea, bado lilikuwepo. Moyo wangu, mpumbavu yule yule wa siku zote, ukaruka. Nikauchukia. Nikamchukia yeye zaidi kwa kuurusha.

"Aloha, Wehi."

"Wateja wanaketi kule."

"Wehi, naomba dakika moja tu. Nimekuja kwa sababu..."

"Sababu yako ilipanda ndege. Keti."

"Mwache amalize sentensi," Anko Hanale akasema kutoka mlangoni.

"Anko!"

"Nimenyamaza."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwaga yote, pale pale, mbele ya wageni wake, bibi wa basi na kila kitu, ndipo Tutu akatoka jikoni na bakuli kubwa la mti mikononi. Akaliweka katikati ya meza, akashika pembe ya kitambaa, akaniangalia mimi machoni, akalifunua.

Poi ilikuwa ndani, uji mzito wa magimbi yaliyopondwa, ya zambarau, laini, imeanza uchachu wa siku mbili.

Mdomo wangu ukajifunga wenyewe. Kwetu bakuli la poi likishafunuliwa, ugomvi unakoma. Gimbi ni kaka mkubwa, alizaliwa kabla ya binadamu wa kwanza, na mbele ya kaka mkubwa hakuna kutukanana, hakuna kununiana, hakuna hata kudai. Nimewaona wanaume wakiacha ngumi hewani kwa sababu mtu amefunua bakuli. Tutu alijua hasa anachofanya.

"Tukae, tule," akasema kwa upole.

Nikatabasamu. Angejua kilichokuwa kwenye mvuke, angeliacha limefunikwa.

Wakakaa. Yule bibi mkubwa alijitambulisha kuwa Bi Dorothea, mjane, mkulima wa mahindi kutoka Nebraska, na alikuwa na mikono kama ya Tutu, vidole vilivyopinda kwa kazi. Akamgeukia Tutu kama wanajuana siku nyingi.

"Nikuulize, dada. Siku tano niko visiwani. Kila nilichokula kimewekewa nanasi. Nyama, nanasi. Samaki, nanasi. Jana mkate. Ninyi wenyewe mnakula nanasi namna hiyo?"

"Nanasi tunawawekea ninyi," Tutu akasema.

Meza nzima ikacheka.

"Sasa mgeni kama mimi, bila huyu kijana, ningepajuaje hapa? Hamna hata kibao mlangoni."

"Kibao cha nini? Wote wanaokula hapa wanapajua."

"Subiri nikuelekeze, mama," Anko Hanale akaingilia, na kiti chake sasa kilikuwa kimeshasogea ndani hatua mbili. "Ukitaka chakula chetu, tafuta mlango wenye magari ya matope. Ndani watu wana kandambili. Picha za chakula ukutani hakuna. Wanafunga saa sita kwa sababu sufuria zimeisha. Na mpishi awe amekununia. Mpishi akikuchekea sana, toka mbio."

Bi Dorothea akanitazama. "Kama huyu?"

"Huyo ndiye hasa."

"Na maegesho ya shule," Tutu akaongeza, "siku watoto wanapouza tiketi za laulau wapate pesa za jezi. Hapo unakula vizuri. Lakini chakula chenyewe hasa hakiuzwi, dada. Kiko kwenye sherehe ya mtoto akitimiza mwaka. Kiko msibani. Kiko harusini."

Neno lile likakaa mezani kama mtu wa kumi. Kaniela akainamisha uso. Mimi nikachukua kitambaa nikafuta mahali pasipokuwa na uchafu.

"Kaniela ametusimulia njia nzima habari za bibi yake aliyemfundisha kupika," akasema Bi Dorothea, hajui amekanyaga nini. "Nimefurahi mno kuja kula kwenye mji wa bibi huyo."

Nikageuka. Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Poi, Wehi?" Tutu akauliza, akalisukuma bakuli upande wangu.

Nikasaga meno.

"Bi Dorothea," Kaniela akasema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Niliwadanganya. Bibi yangu alikuwa dereva wa basi, mama mzuri, lakini hata yai lilimshinda. Aliyenifundisha ni huyu uliyekaa naye. Huyu na mjukuu wake. Kila nilichowapikia watu Honolulu nilikiiba hapa. Nimewaleta nikiseme nikiwa nimekaa mezani kwao."

Wageni wakaangaliana. Anko Hanale akaweka kikombe chini.

Nakiri jambo moja. Hapo nilikuwa na nafasi. Jikoni zilikuwepo laulau thelathini zilizoiva tangu alfajiri, nyeusi, laini, mafuta yanachuruzika. Ningeweza kuchukua mojawapo na ile nyingine nikaitupia kuku wa jirani. Nilisimama mbele ya sufuria, mvuke unanipiga usoni, nikajiambia kwa jina langu kamili, Uluwehi, ameshasema ukweli, yatosha. Halafu nikaikumbuka ile kofia mkononi mwa binamu yake, na macho yake kwenye viatu vyangu. Nikaichukua ya mafundo mawili.

Nilizipeleka sahani mbili mbili. Ya Kaniela nilimpa mkononi mwenyewe. Vidole vyetu vikagusana chini ya sahani, na wala sikuviondoa haraka kama nilivyopaswa.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Mimi hesabu zangu zote nilikuwa nimezipiga, nikasahau kwamba huyu mwanamume alilelewa na watu. Akageuka na sahani ile, akaona Bi Dorothea bado hana kitu mbele yake, akasimama.

"Mkubwa kwanza," akasema, akamwekea.

Yule bibi akashika uma.

"Hapana!" Sijui niliruka vipi ile meza. "Hiyo ni yake!"

Bi Dorothea alikuwa ameinua uma hewani. Nikaivuta sahani kutoka mbele yake nusu niimwage.

"Yako inakuja, bibi. Moto zaidi." Nikaisukuma upande wa Kaniela. "Hii nimempimia yeye."

Kaniela akaiangalia sahani. Akayaangalia mafundo mawili. Kisha akaniangalia mimi, kwa muda mrefu, na mimi nikamwangalia, kwa sababu sikuwa na pengine pa kuangalia. Akaichukua. Akakaa. Akafungua kamba, akalikunjua jani la nje.

Laulau iliyoiva ni nyeusi kama udongo wa bondeni. Hii ilikuwa ya kijani kibichi, kijani cha bustani. Mtu aliyefanya kazi miaka mitatu jikoni kwetu aliijua rangi ile. Siku zake za mwanzo mimi mwenyewe nilimpiga kofi mkononi akitaka kuonja jani la namna hiyo.

Bakuli lilikuwa wazi. Hakuweza kulalamika, hakuweza kunigombeza, hakuweza kuniuliza. Lakini angeweza kusema ameshiba. Angeweza kuisukuma kando, akala wali na samaki, na hakuna ambaye angejua. Nilimsubiri afanye hivyo. Nilitaka afanye hivyo, nipate kumdharau kwa raha.

Akakata kipande kwa vidole, akatia mdomoni, akatafuna.

Tonge la kwanza nilifurahi, sitawadanganya. La pili nilifurahi pia. Nilisimama nimefumbata mikono kifuani, nikaona midomo yake inaanza kuvimba, na nikasema moyoni, vizuri, onja, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwenye tonge la tatu machozi yakaanza kumtoka, yanashuka tu yenyewe, naye hayafuti. Anachovya poi, anatafuna, anameza. Unaliona koo likipanda na kukataa, kisha likikubali.

"Mbona unalia, kijana?" Bi Dorothea akauliza.

"Nimekumbuka nyumbani," Kaniela akasema. Sauti ilikuwa ya msumeno.

La tano sikuweza kutazama. La sita nilitaka kuivuta ile sahani. Sikuivuta. Nitakuwa mwongo nikisema niliivuta. Nilibaki nimesimama, kucha zimezama kwenye mikono yangu, na mwanamume niliyempenda akaila laulau yangu ya dakika arobaini mpaka jani la mwisho, akalamba vidole, akasema kwa midomo iliyojaa, "Tamu sana. Asante."

Tutu akanyoosha mkono, akaokota kipande cha jani kilichobaki kwenye sahani ya Kaniela, akakisugua katikati ya vidole. Akanusa. Akanigeukia, na katika maisha yangu yote sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo.

"Kutoka jikoni kwangu," akasema.

"Tutu..."

Akashika kitambaa, akalifunika bakuli. Akakibana pembe zote nne, pole pole, kama anavyotandika kitanda.

"Limefunikwa," akasema. "Haya. Semeni."

Anko Hanale akavuta kiti mpaka mezani kabisa.

Na mimi nikasema. Miaka minne ya maneno ilitoka bila kupanga foleni. Nikamwambia habari za watu mia tatu. Nikamwambia habari za gauni, kwamba mafuta ya nguruwe hayatoki kwenye hariri, nimejaribu. Nikamwambia kwamba mwaka mzima nilikuwa nikiingia sokoni wanawake wanapunguza sauti. "Hata kama hunitaki, Kaniela! Ungekuja ukaniambia hunitaki! Ungenitumia hata mbwa!"

"Nilikutaka," akasema. Lilikuwa neno moja na ilimchukua muda kulitoa.

"Ndiyo ukapanda ndege?"

"Mama alinipa tiketi. Kazi ilikuwa inaanza Jumatatu." Akameza, akashika koo. "Alisema nikikuoa sitatoka kwenye moshi. Nikaogopa. Wehi, sina... sina sababu nyingine nzuri zaidi. Niliogopa tu."

"Mama yako amekupa tiketi. Mimi alinipa nini?"

Akafungua mdomo, koo likakataa kupitisha neno. Na hiyo ndiyo raha niliyoikosa kwa miaka minne, Kaniela hawezi kunijibu. Mbona basi haikuwa na ladha?

"Ulijua," nikamwambia, taratibu sasa. "Uliiona rangi. Uliyaona mafundo."

Akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini ukala?"

"Ulisema umenipimia."

Mmoja wa wageni, bwana mwenye kamera, akajifuta macho kwa kofia yake ya mvua. Bi Dorothea hakujifuta. Alikuwa ananiangalia mimi, anasubiri kama watu wazima wanavyosubiri.

Kaniela akapiga magoti kwenye sakafu yetu ya saruji, mbele ya kiti cha Tutu. "Tutu. Nisamehe. Nilikuachia nguruwe watatu shimoni na aibu ya kuwalisha watu. Nisamehe."

"Inuka, utaichafua hiyo suruali," Tutu akasema. "Mimi sina deni na wewe. Siku ile mimi nilikula. Tena nikaongeza. Hanale hapa alikula sahani tatu."

"Nne," akasema Anko Hanale.

"Nne. Watu mia tatu walishiba, hakuna aliyeondoka na njaa. Isipokuwa mmoja." Hakunitazama alipokuwa anasema. "Alipakua mpaka sufuria ya mwisho, akaosha sufuria zote, akakunja meza. Tonge halikupita kinywani mwake siku ile, wala kesho yake. Kesho kutwa jioni ndipo nilipomshika taya nikamlisha kwa kijiko, kama mtoto."

Nikageukia dirishani. Mvua ilikuwa imezidi. Miaka yote ile nilidhani hakuna aliyeona kwamba sikula. Nilijificha vizuri mno, nimebeba sahani huku na huku. Machozi ambayo sikuyatoa mbele ya watu mia tatu yakanitoka mbele ya wageni sita wa ng'ambo na Anko Hanale.

Nyuma yangu nikasikia maji ya bomba. Kaniela alikuwa ananawa mikono. Nikasikia kabati la juu, lile la kushoto ambalo ukilivuta lazima ulinyanyue kidogo, naye akalinyanyua kidogo. Nikasikia mfuniko wa sufuria, kisha mwiko.

Alipotoka alikuwa na sahani moja. Wali matonge mawili. Makaroni ya kuchanganya na mayonezi pembeni, kidogo tu, kwa sababu mimi siyapendi sana. Samaki mbichi wa vipande aliyetiwa chumvi na mwani. Laulau ya fundo moja, nyeusi, ameshanifungulia, ameshanitolea lile jani la nje ili nisiunguze vidole. Akavuta kiti cha mwisho wa meza, akaiweka sahani mbele yake, akasimama kando na kitambaa begani. Midomo yake ilikuwa imevimba mpaka inachekesha. Hakuna aliyecheka.

"Kaa ule, Wehi," akasema.

Tutu akapeleka mkono kwenye bakuli alifunue.

"Liache, Tutu," nikamwambia. "Sijamaliza ugomvi."

Tutu akarudisha mkono mapajani.

Nikakaa. Nikachukua uma. Nyama ilikuwa inaachia yenyewe, chumvi yake sawasawa, na jani likayeyuka kwenye ulimi. Sikula haraka. Nilitafuna kila tonge mpaka mwisho, nikiangalia mbele, na yeye amesimama.

"Maji," nikasema.

Akaleta maji.

"Pilipili."

Akaleta pilipili. Aliikumbuka ni chupa gani.

Yule bwana wa kamera akaangalia saa yake kwa siri. "Kaniela, tulipanga kuwa kwenye volkano saa saba..."

"Volkano haihami," Bi Dorothea akamkatiza. "Mwacheni binti ale."

Nikala. Mvua ikapungua, ikarudi. Watu wa kanisa wakaja kuchukua sahani zao ishirini, wakamkuta Kaniela amesimama kando yangu kama askari wa lango, wakapunguza sauti, safari hii kwa ajili yake. Kuna mama mmoja alikuwepo harusini. Alimtazama Kaniela kuanzia juu mpaka chini, akanitazama na mimi, akachukua maboksi yake akatoka taratibu. Mpaka jioni Hilo nzima ingejua, na nikaona kwenye shingo iliyomkakamaa kwamba Kaniela analijua hilo. Alibaki pale pale.

Nilifuta sahani kwa tonge la mwisho la wali. Hapakubaki kitu.

Akainama kuichukua. Karibu yangu hivyo nilisikia harufu yake, sabuni na mvua, na sasa kidogo moshi wa kwetu.

"Umeshiba?" akauliza.

Hakuwa ananiuliza kwa ajili ya wageni wake, wala kwa ajili ya Tutu. Niliishika ile sahani kwa upande wangu, naye ameishika kwa upande wake, na kwa kitambo hakuna kati yetu aliyevuta. Nikamwangalia yale macho mekundu, niliyoyaliza mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa makusudi.

Nikaiachia.

"Ongeza," nikamwambia.